Mtoto asiyeandikwa kwenye fomu: barua ya wazi kwa Waziri wa Uhamiaji wa Kanada

Mheshimiwa Waziri wa Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia,

Kwanza salamu, ndipo shida. Ndivyo tulivyolelewa.

Nakuandikia kwa Kiswahili na sioni haja ya kuomba radhi. Wakimbizi wa Kongo na Burundi wanahojiwa kupitia wakalimani wa lugha hii kabla ya kupewa visa zenu, kwa hiyo wa kukusomea hatakosekana. Isitoshe, barua hii itasomwa na watu ambao jambo lenyewe linawagusa kuliko linavyokugusa wewe, na baadhi yao bado wako kambini wakisubiri kuitwa.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Winnipeg, kazi yangu ni ukalimani. Jumamosi hukaa na watu kwenye chumba cha chini cha kanisa tukijaza fomu: za uraia, za kodi, za posho ya watoto, za shule. Nyingi zinaisha kwa kicheko na chai. Ipo aina moja isiyoisha hivyo, nayo ni ya mzazi anayetaka kumleta mtoto wake wa kumzaa, halafu inabidi nimweleze kwamba kwa sheria ya Kanada mtoto huyo si wa familia yake.

Ombi langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta. Kifuteni kipengele cha 117(9)(d) cha Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi. Siombi msamaha wa muda mlioutoa 2019 uongezewe siku. Naomba kifutwe.

Kwa msomaji asiyekijua, mambo yako hivi. Raia au mkaazi wa kudumu wa Kanada anaruhusiwa kumdhamini mke, mume au mtoto wake aje kuishi naye. Kipengele hiki, kilichoanza kazi pamoja na sheria mpya ya uhamiaji Juni 2002, kinawaondoa baadhi yao. Kinasema kwamba kama ulipoomba ukaazi na kuupata ulikuwa na mke, mume au mtoto ambaye hukusafiri naye, na maofisa hawakumchunguza afya yake, usalama na nyaraka, basi huyo hawezi kuja kwa mlango wa familia. Hakiweki ukomo. Si mwaka mmoja, si kumi. Na huo wakati wa kuomba hauishii siku uliyotia saini. Unakwenda hadi unaposhuka uwanja wa ndege na kuandikwa mkaazi. Mtoto akizaliwa kati ya mahojiano na safari, kipengele kinamhusu. Ukifunga ndoa wiki mbili kabla ya ndege na usiseme, mkeo naye yumo. Sababu ya kutomwandika haiulizwi: aliyeficha, aliyeogopa, aliyepotoshwa na aliyedhani mtoto wake alishakufa, wote wanapewa jibu moja.

Nadhani huko Ottawa mnamwona mtu ameketi ofisini na kalamu, anaulizwa idadi ya watoto wake, anaamua kudanganya. Nieleze mambo yanavyokwenda kweli.

Chukua kambi yoyote ya ukanda wetu. Nyarugusu, iliyo wilaya ya Kasulu na inayopokea Wakongo tangu 1996. Nakivale ya Uganda, Dzaleka ya Malawi, Kakuma ya Turkana. Kambini cheti cha kuzaliwa hakina kazi kubwa, kadi ya mgawo wa chakula ndiyo yenye kazi. Walioandikwa kwenye kadi ndiyo kaya, na unga, maharage na mafuta yanatolewa kwa idadi ya vichwa. Sasa binti wa miaka kumi anayelala kwa bibi yake upande wa pili wa kambi ili amsaidie kuchota maji, yumo kwenye kadi ya bibi. Mtoto aliyebaki kwa shangazi Fizi au Uvira hayumo kwenye kadi ya mtu yeyote. Mtoto ambaye baba alimpata kabla ya ndoa hii yuko kwa mama yake, na huenda mama huyo yuko kambi nyingine kabisa. Miaka inapita, kesi ya kupelekwa nchi ya tatu, kama Kanada, inaitwa, na karani anasoma majina yaliyo kwenye kadi. Familia yako ni hawa? Mtu anaitikia. Hajadanganya. Wanaokula chungu kimoja naye ni hao hao.

Maneno kama mke, mtoto na ndugu nayo hayaendi sawasawa na visanduku vyenu. Kwetu mtoto wa marehemu dada ni mtoto wako, anakuita mama na hujaribu kumsahihisha. Nimeona fomu ambako mtoto wa dada ameandikwa kama wa kuzaa, kwa nia njema kabisa, na wa kuzaa aliye kwa bibi hakuandikwa. Ofisa anayesoma hiyo baada ya vipimo vya vinasaba (DNA) anaona uongo mara mbili. Mimi naona mwanamke aliyejibu kuhusu anaowalisha.

Kisha kuna woga wa kesi kurudi nyuma. Asiyeishi kambini ni vigumu kumwelewesha. Mtu amesubiri miaka minane, kumi, kumi na tano. Jirani anamwambia kwamba fulani aliongeza jina la mtoto, faili likatolewa kwenye foleni, mpaka leo yupo. Huenda si kweli, huenda ilikuwa sababu nyingine, lakini kambi nzima inaamini. Na kila kambi ina watu wanaojaza fomu kwa ujira, wenye Kiingereza kidogo na ujasiri mwingi, ambao ushauri wao ni huo huo: huyo usimtaje sasa, utamwita ukishafika. Utamwita ukishafika! Sijui sentensi nyingine iliyotenganisha watu wengi kuliko hiyo.

Ya kazini sisimulii, nimeapa kutunza siri. Ya mezani kwetu Jumamosi nitasimulia moja, nayo nimeibadilisha sura ili mwenyewe asitambulike. Mama mmoja alikuja na mfuko wa plastiki wa zipu. Ndani yake kulikuwa na kadi ya mgawo imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka, picha ya pasipoti ya mvulana, na risiti za kutuma pesa zilizofifia mpaka tarakimu hazisomeki. Vita vilipowakuta usiku, watoto walikimbia huku na huku. Alivuka na wawili. Wa tatu hakuonekana, na baada ya msimu mzima wa kuulizia, ukoo ukakaa matanga. Kwenye mahojiano alitaja watoto wawili. Walipokuwa wameshapimwa afya na wanangoja tarehe ya ndege, ikaja simu kwamba mvulana yuko hai, amelelewa na wachimbaji wa dhahabu. Aliyekuwa akimsaidia na fomu alimwambia, ukisema sasa mtaanza upya. Akanyamaza akapanda ndege. Hapa Winnipeg anasafisha maofisi usiku, na nusu ya mshahara inakwenda kwa mtoto ambaye, kwa karatasi, hakuwahi kuwa wake.

Ulitaka afanye nini, Mheshimiwa? Najua jibu la kisheria: angesema. Ni kweli angesema. Lakini adhabu ya kutosema ilimwangukia mvulana, ambaye hakuulizwa chochote na hakutia saini popote.

Lipo jingine ambalo nalisema kwa shida. Mashariki ya Kongo wako wanawake wengi waliozaa kwa kubakwa na watu wenye bunduki. Mwingine mtoto huyo alimwacha kwa mama yake kwa sababu mume hajui, au anajua na hataki kusikia. Siku ya mahojiano mume yuko chumba hicho hicho, na mkalimani ni kijana wa kabila lao, huenda wa kijiji chao. Nimekaa kwenye kiti cha mkalimani miaka mingi, na nakuhakikishia kuna mambo mwanamke hatayasema mbele ya kiti hicho, hata umwahidi siri mara mia. Kipengele chenu kinamhesabu kuwa ameficha mwanafamilia.

Tuje kwenye sheria yenyewe, maana wanasheria wako watasema huruma haitoshi.

Udanganyifu katika uhamiaji una kifungu chake, cha 40 cha Sheria ya Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi. Anayetoa taarifa za uongo au kuficha jambo la msingi anaweza kupoteza ukaazi, akaondolewa nchini, na akazuiwa kuingia kwa miaka 5. Zamani ilikuwa miaka 2, ikaongezwa kuanzia mwaka 2014. Ni adhabu kali na siipingi. Ila ina hatua zake: lazima uongo uthibitishwe, mhusika asikilizwe, na miaka 5 ikiisha imeisha. Sasa weka hiyo kando ya 117(9)(d). Hapa hakuna anayethibitisha uongo, hakuna anayeuliza nia, na zuio ni la maisha. Aliyedanganya kwa makusudi, akanaswa, ana siku ya kumaliza adhabu. Mama wa mfuko wa plastiki hana. Mwanasheria yeyote wa wizara yako anielezee mpangilio huo umekaaje.

Mtasema kipengele kiliwekwa ili watu wasimfiche mtoto mgonjwa, wakapita, kisha wamlete baadaye kwa mlango wa familia. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama sheria hiyo hiyo isingeshaimaliza. Kifungu cha 38(2) kinasema zuio la wagonjwa ambao wangeelemea huduma za afya haliwahusu wakimbizi, wala mke, mume na watoto wanaodhaminiwa. Yaani mkimbizi mwenye mtoto mgonjwa hapati faida yoyote kumficha, kwa sababu ugonjwa huo usingemzuia mtoto wala yeye. Nia ya kudanganya imeondolewa na Bunge, adhabu ikabaki.

Natoa sifa panapostahili. Mwaka 2019, chini ya Waziri Ahmed Hussen, ambaye mwenyewe alizaliwa Mogadishu na kufika Kanada akiwa mkimbizi kijana, wizara ilianzisha sera ya majaribio iliyoanza tarehe 9 Septemba. Wakimbizi, na wale waliokuja kwa kudhaminiwa na mwenzi au mzazi, waliruhusiwa kuwaombea mke, mume na watoto ambao hawakuwaandika, kwa sharti moja la busara: kwamba kama mwanafamilia huyo angetajwa tangu mwanzo, mdhamini asingekosa sifa ya kuja. Kijana aliyejiita mseja ili asafiri na wazazi wake huku ana mke kambini hanufaiki, na hapo mimi sina ugomvi. Sera hiyo iliongezwa 2021, ikaongezwa tena 2023, na mara ya mwisho ilipewa uhai hadi Septemba 2026.

Nimeona watoto wakifika kwa sera hii. Nimekwenda uwanja wa ndege na maua ya dukani na koti la baridi la kuazima. Kwa hiyo sitasema haikufanya kitu. Nasema ni sera, na sera ya waziri mmoja inafutwa na waziri mwingine kwa saini. Kwa nini jambo ambalo wizara yenyewe imelikubali mara tatu liendelee kuishi kama mgeni mwenye visa ya matembezi, likingoja kuongezewa siku? Kama mmegundua kwamba kanuni inaumiza wasio na kosa, na mmeshapata namna ya kuwachuja wenye kosa, ingizeni namna hiyo kwenye kanuni yenyewe. Ndiyo kusema, mtoto aliyekuwepo akiachwa nje ya fomu asizuiwe isipokuwa kama kutajwa kwake kungemnyima mzazi sifa. Sentensi moja tu, na ninyi mmekwisha kuiandika.

Sera hiyo ina tundu kubwa pia, na hapa natoka kambini. Haiwagusi waliokuja kwa kazi au kwa masomo. Mkenya aliyekuja kusoma, akapata kibali cha kazi baada ya kuhitimu, akapanda hadi ukaazi kupitia Express Entry, mfumo wenu wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, hayumo. Muuguzi wa Dar es Salaam hayumo. Dereva wa malori hayumo. Na huko nako watoto hawaandikwi, kwa sababu ambazo si nzuri kama za mkimbizi. Kijana alizaa akiwa chuoni Eldoret, akakana au akatuma pesa kimyakimya, akaoa mwingine, na fomu ilijazwa mke akiwa pembeni. Miaka sita baadaye mama wa mtoto anafariki, na shangazi anapiga simu: mwanao njoo umchukue. Simsifu baba huyo hata kidogo, na akija mezani kwangu namwambia hivyo kabla ya kufungua kompyuta. Lakini niambie anayelipia ni nani. Baba ana nyumba, ana gari, ana bima. Mtoto hana mama, na sasa Kanada inamwambia hana baba pia.

Aliyebanwa na kipengele hiki na asiyefikiwa na sera amebakiwa na kifungu cha 25, maombi kwa sababu za kiutu na huruma. Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, ilipokataa mwaka 2005 kusema kwamba 117(9)(d) inavunja Katiba, ilikitaja kifungu hicho kama njia iliyobaki wazi. Kwenye karatasi ni kweli. Vitendo vinasema vingine. Hayo ni maombi ya hiari ya ofisa, hayana haki ya matokeo, yanahitaji ushahidi mzito, na mwanasheria anayejua kuyaandika vizuri analipwa pesa ambayo msafisha maofisi hana. Wengi ninaokutana nao waliandika wenyewe kurasa mbili za kusema wanampenda mtoto wao. Ofisa anataka maslahi ya mtoto yathibitishwe: anaishi na nani, anasoma wapi, nani anamtunza, daktari anasemaje. Barua ya mwalimu kutoka shule ambayo mwezi uliopita iligeuzwa kambi ya askari haipatikani kirahisi.

Wakati huo umri haungoji. Mtoto tegemezi kwenu ni aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Kuanzia Agosti 2014 mliuteremsha kuwa chini ya miaka 19, mkaurudisha Oktoba 2017, na kati ya tarehe hizo mbili kuna vijana walioachwa nje ambao hawakufanya kosa lolote zaidi ya kutimiza miaka 19. Mtoto aliyetajwa tangu mwanzo umri wake unafungwa tarehe ya maombi. Asiyetajwa umri wake unakimbia mpaka siku mzazi atakapojua kuna sera, apate pesa, apate wa kumwandikia, atume. Sasa fikiria mzazi ambaye barua ya kukataliwa ilimfika 2012 akaamini mlango umefungwa moja kwa moja. Nani alimwandikia 2019 kumwambia umefunguliwa? Hapa kwetu wengi walisikia kwa uvumi wa kanisani na msikitini, na wengine wamesikia kwangu, mtoto akiwa ameshatimiza 23.

Deni nalo lina mkono wake. Mkimbizi anayeletwa Kanada kwa kawaida anakopeshwa nauli ya ndege na gharama za uchunguzi wa afya, na anaanza maisha akilipa. Mwaka 2018 mlifuta riba ya mikopo hiyo, tunashukuru. Lakini anayechelewesha marejesho hawezi kudhamini mtu. Anayeishi kwa msaada wa serikali, isipokuwa kwa ulemavu, naye hawezi. Kwa hiyo mama wa watoto wanne anayesoma Kiingereza asubuhi na kulea mchana anatakiwa kwanza amalize deni la ndege iliyomleta bila mwanawe, ndipo aanze kumwombea mwanawe. Na kila mwezi anatuma pesa kule. Ukitaka kujua kwa nini anachelewa kujitegemea, hesabu iko hapo, haihitaji mtafiti.

Juu ya yatima nitakuwa mfupi ingawa lingefaa barua yake. Mnaruhusu kumdhamini mdogo wako, mpwa au mjukuu aliyefiwa na wazazi wote wawili, awe chini ya miaka 18 na hajaoa wala kuolewa. Ni ruhusa nzuri. Ila vyeti viwili vya kifo kutoka Masisi au Fizi vinatolewa na nani? Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Watu wamezikwa kwenye migomba yao na waliowazika wamekimbia. Maofisa wako waelekezwe kupokea kiapo cha wazee, barua ya parokia au ya msikiti, na kumbukumbu za kambi, bila kumfanya yatima asubiri hati ambayo hakuna dawati la kuitoa.

Hayo ya Goma yana jambo jingine ndani yake. Familia zinazotawanyika sasa ndizo mtakazozihoji miaka kumi ijayo. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025, na wengi waliokuwa kwenye foleni ile wanaitazama Kanada, ambayo nayo imepunguza idadi ya wahamiaji inaowapokea. Foleni ikiwa ndefu na mlango mwembamba, woga wa kesi kurudi nyuma unaongezeka, na pamoja nao ushauri wa mitaani wa kutotaja watu. Makosa ya fomu za kesho yanatengenezwa leo.

Nakuomba ruhusa kidogo, Mheshimiwa, niseme na wenzangu wanaosoma hii wakiwa kambini au wakiwa na maombi yoyote ya Kanada mkononi.

Ndugu zangu, waandikeni wote. Aliye kwa bibi, muandike. Aliye kwa mama yake wa zamani, muandike. Aliyepotea na hujui kama yu hai, muandike na useme hujui aliko. Mtoto wa kulea muandike kuwa ni wa kulea, msimgeuze wa kuzaa, maana kipimo kitasema. Kumtaja mtu si lazima asafiri nawe. Kwa mkimbizi, mke, mume na mtoto wa kukutegemea aliyetajwa na kubaki anaweza kuombewa ndani ya mwaka mmoja tangu upate ukaazi kwa njia nyepesi zaidi, na mwaka huo ukipita hivi hivi mnaingia foleni ngumu. Mtoto akizaliwa au ndoa ikifungwa baada ya mahojiano, semeni kabla ya ndege, hata kama ni kesho yake. Mwanamke ambaye hawezi kusema mbele ya mumewe aombe kuhojiwa peke yake, na kama mkalimani ni mtu wanayefahamiana, aombe mwingine. Kuomba hivyo si utovu wa adabu, na sisi wakalimani tunaojua kazi hatukasiriki. Na yule anayekwambia utamwita ukishafika, muulize yeye amewaita wangapi.

Narudi kwako, Mheshimiwa.

Sheria yenu ya uhamiaji, kifungu cha 3, inataja kuunganisha familia miongoni mwa malengo yake, na kwa wakimbizi inaongeza kwamba kuungana na familia kunawasaidia kujitegemea. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kanada iliuridhia mwaka 1991, unataka maombi ya kuungana na mzazi yashughulikiwe kwa utu na bila kuchelewa. Siombi mwandike maadili mapya. Naomba kanuni moja iliyo chini ya sheria hiyo iache kwenda kinyume nayo. Kanuni haihitaji hata kupitishwa na Bunge zima, inabadilishwa na Baraza la Mawaziri mnamoketi.

Basi naomba haya. Kipengele kifutwe, au angalau kiandikwe upya kwa sharti lile la 2019 likiwa ndani ya kanuni, na liwahusu wote: mkimbizi, mfanyakazi, aliyekuja kusoma. Umri wa mtoto asiyetajwa ufungwe tarehe ya maombi ya mzazi, kama wa ndugu zake. Anayemwombea mtoto wake asizuiwe kwa sababu amekosa marejesho mawili ya nauli. Fomu ya kwanza kabisa anayopewa mkimbizi iwe na ukurasa wa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda unaosema wazi kitakachomkuta mtoto asipoandikwa, na usomwe kwa sauti, kila mtu mzima peke yake, kabla ya saini. Hiyo ni dakika kumi za mkalimani. Tunalipwa kwa saa, kwa hiyo msiogope gharama.

Na waliokwisha kukataliwa tangu 2002 waandikiwe. Majina yao mnayo, anwani zao mnazo, maana kila mwezi barua za deni la nauli zinawafikia bila shida.

Wako,
Mkalimani wa Kiswahili
Winnipeg, Manitoba